Suti ya Mzee Unga

Baba yangu alizikwa na suti ya mtu mwingine. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu mtaani kwetu kila mtu analijua, na mtu akisoma habari za baba bila kulikuta atasema ninaficha. Ila wengi wanalijua kwa mkia tu, kama paka aliyeonekana akikata kona. Wanacheka na kupita. Juma lile la mazishi jina la baba lilikuwa mikononi mwetu sisi watoto wake, nasi tulikuwa karibu kuliangusha. Siwezi kueleza jambo hilo bila kusema kwanza yeye alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa dobi. Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, na hicho ndicho kilichotulisha. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, shuka limejaa alama za pasi rangi ya chai. Pasi zilikuwa mbili, za mkaa. Moja ikiwa kazini, nyingine ilikaa mlangoni ikipata upepo. Ukutani kulikuwa na misumari mirefu iliyobeba nguo za watu, na chini ya meza sanduku letu la bati. Chumba kile kilinuka mkaa, wanga na kitambaa chenye unyevu. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo mahali popote najikuta nimenyoosha mgongo kama mtu aliyeitwa.

Baba hakuwa na maneno mengi. Wapo madobi wanaotemea pasi mate ili wajue kama imepata moto. Yeye aliisogeza karibu na shavu, akatulia, akajua. Ikiwa kali mno aliiweka chini na kuingoja, na muda wote wa kuingoja alinyamaza, ungedhani anaipa nafasi ya kujirudi. Hakuandika jina la mteja popote. Kila mtu alikuwa na alama yake ya uzi ndani ya kola au kwenye kiuno cha suruali: mwalimu uzi mwekundu uliolala, mkunga uzi wa kijani uliosimama, na mwenye mashine ya kusaga msalaba mdogo mweupe. Alama hizo mama naye alizijua, nami nilizijua nilipomaliza shule ya msingi na kuanza kazi mezani kwake. Kazi ile ilinifaa. Nguo haikuulizi kitu.

Sheria ya nyumba yetu iliyotangulia sheria zote ilikuwa hii: kinachoning'inia si chetu. Msumari ulikuwa wa mteja, hanga ya mteja, kamba ya uani ya mteja. Nguo zetu sisi zilianikwa juu ya ua wa miti nyuma ya choo, zikakunjwa, zikaingia sandukuni bila kuonja pasi. Tulikwenda shule na makunyanzi, na walimu wakashangaa kwamba hawa ndio watoto wa dobi. Mama aliwajibu kuwa mganga hajigangi. Lakini haukuwa uvivu. Kitu ambacho baba aliogopa kuliko vyote ni nguo ya mtu kuchanganyika na zetu, halafu mmoja wetu aonekane ameivaa. Madobi husemwa hivyo, kwamba Jumamosi hutoka na suruali ya mteja na Jumatatu huirudisha imenyooka. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," alituambia baba, "na ile ambayo hata hukuazima ndiyo inakuvua kabisa."

Akiunguza nguo, na kila dobi huunguza, hakungoja mwenyewe aje. Aliikunja vizuri, akahakikisha tundu limekaa juu, akaipeleka mwenyewe nyumbani kwa mtu. Mama aliwahi kumwuliza kwa nini asilikunje tundu kwa ndani, walau mtu apokee salamu kwanza. Baba alisema salamu ya namna hiyo ni ya kuibia.

Mwenye mashine ya kusaga ndiye tuliyemwita Mzee Unga. Mashine yake ilikuwa mwisho wa barabara yetu. Alikuwa mnene, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini, na hata injini ikiwa imezimwa aliendelea kushindana nayo. Nguo zake baba alizikung'uta nje kwanza, na kuku wa jirani walishajua siku hizo, walikuja bila kuitwa. Pale kwenye mashine kina mama hupanga foleni na madebe yao, na habari ikiingia pamoja na nafaka hutoka laini, kila mtu akaondoka na fungu lake. Kwa miaka mingi utani wa Mzee Unga ulikuwa mmoja. Alisimama mlangoni petu akasema ili barabara nzima isikie: "Dobi, suruali yangu jana umeitembeza wapi? Mbona naiona imechoka magotini?"

Baba aliendelea kukunja. Mara moja tu nilimsikia akijibu. "Ningekuwa nimeivaa," alisema, "ungeikuta imeanguka njiani. Mimi sina tumbo la kuishikilia."

Mzee Unga alicheka mpaka akashika ukuta. Baba hakucheka, ila pasi ilisimama mahali pamoja muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akaiwahi.

Tulizaliwa wawili, kaka na mimi. Kaka alikuwa mchangamfu, mimi ndiye niliyejificha nyuma ya mlango wageni wakija. Alipoanza kuota ndevu alivaa shati la karani wa posta akaenda nalo kwenye dansi. Baba hakumpiga. Asubuhi alilifua lile shati, akalipiga pasi, akamkabidhi kaka alibebe mikononi, wakaenda wote mpaka kwa karani, na huko kaka akatakiwa aseme mwenyewe, mbele ya mke wa karani na watoto wake, mmoja wao msichana aliyesoma naye darasa moja. Karani alisema si kitu. Baba akasema ni kitu.

Mwezi haukuisha kaka akadandia lori, akawa utingo, baadaye dereva wa masafa. Alirudi mara chache, daima na zawadi: redio, viatu, mablanketi. Baba alizipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Kisha walikaa barazani kama abiria wawili wanaongoja magari tofauti. Nilitamani kusema kitu cha kuwaunganisha, lakini mimi tena, maneno yalinijia wakati kaka ameshawasha gari.

Suti ya baba mwenyewe aliipata baada ya kaka kuondoka. Alishonewa na fundi cherehani jirani yetu, kitambaa cha buluu iliyoiva, naye akaivaa kwenye harusi na mazishi tu. Akirudi aliivua, akaifunga kwenye shuka kuukuu, akairudisha sandukuni. Hakuitundika hata siku moja.

Kifua kilimwanza pole pole. Moshi wa mkaa ulikuwa umekaa humo miaka yote kama mpangaji asiye na fujo, mwisho akadai nyumba. Baba alipiga pasi akiwa ameketi kwenye stuli, baadaye alipiga kola na mikono tu, nami nikimaliza zilizobaki. Kazi yake ya mwisho ilikuwa suti ya Mzee Unga. Mzee yule alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, akaileta mapema, nayo pia ilikuwa ya buluu iliyoiva. Baba aliipiga brashi, akaweka kitambaa kibichi juu yake, akainyoosha kwa siku nzima kwa mapumziko. Akaitundika kwenye hanga ya mbao, msumari wa karibu na mlango. Akaitazama, akaniambia mabega ya watu wanene yana kazi kuliko matumbo yao. Kisha akaenda kulala, na hakurudi tena chumba cha pasi.

Kaka alifika siku iliyofuata kifo, macho mekundu kwa barabara. Alisema neno moja tu kwa mama: kwamba hakuwepo baba anaumwa, basi aachiwe kazi ya kumvika. Shangazi, dada yake baba, akasema atakwenda naye chumba cha maiti. Mama alikuwa amekaa chini, watu wamemzunguka, mtu akimuuliza hili na mwingine lile. Akasema suti ya baba yenu ipo chumba cha pasi.

Kaka akaingia chumba cha pasi. Akaona suti ya buluu imening'inia, safi, imenyooka, kana kwamba inamngoja. Mimi wakati huo nilikuwa makaburini na wachimbaji.

Ilimpwaya. Kila aliyepita kwenye jeneza alisema ugonjwa umemmaliza, tazama suti inavyombeba. Shangazi alikuwa ameibana kwa pini mgongoni. Mama alimtazama uso tu. Mimi nilitazama mikono yake, hasa ule wa kulia wenye makovu ya pasi, na sikutazama kingine. Mzee Unga naye alikuja, kofia mkononi, akasimama muda mrefu kuliko wengi. Tukafunika, tukazika.

Watu walipopungua nyumbani, mama aliniambia nguo za wateja zisikae na msiba, nizirudishe kwa wenyewe. Nikafungua chumba. Nilianza na msumari wa karibu na mlango, na haukuwa na kitu. Niliangalia misumari mingine yote, nikaangalia nyuma ya mlango, nikarudi tena kwenye ule ule. Kisha nikavuta sanduku, nikafungua, na pale juu palikuwa na shuka kuukuu limefungwa. Sikulifungua mara moja. Nililishika kwa nje, nikahisi vifungo.

Nilimwita kaka. Alitazama shuka, akatazama msumari. Alikaa kwenye ile stuli ya baba akasema, "Nilimvika mimi."

Tulifunga mlango wa sebuleni tukakaa wanne: mama, shangazi, kaka na mimi. Shangazi alikuwa mtu wa kupanga mambo haraka. Alisema suti zote mbili ni buluu, Mzee Unga apelekewe hii ya baba, akisema imembana aambiwe amenenepa, na nani atakataa kuwa amenenepa? Kaka alisema afadhali atafute mpya mjini inayofanana, aitundike pale msumarini, yaishe. Shangazi akasema ndiyo, funika kombe mwanaharamu apite. Maana ikitoka nje, alisema, itaanzia kwenye mashine ile ile, na watu watasema maisha yake yote dobi alikuwa anavaa nguo za watu, mpaka kaburini kaenda nayo moja. Hapo sauti yake ilikatika, akafuta macho. Alikuwa anampenda kaka yake, wala hakuwa na nia mbaya.

Nami nililiona hilo kama yeye. Jambo pekee ambalo baba alilikimbia maisha yote, sisi ndio tuliomvika.

Mama alikuwa anakunja ncha ya mkeka na kuikunjua. Mwishowe akasema: "Mimi nimeishi na yule mtu. Angeamka leo akajikuta nayo mwilini, angeivua kwanza, ndipo aulize amekufa vipi." Akatutazama kaka na mimi. "Nendeni mkamwambie mwenyewe. Wote wawili. Na hii ya baba yenu mwende nayo."

Njiani kaka hakunitazama. Alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Tulipofika karibu na duka la kona alisema, "Nyumba hii niliikimbia kwa shati moja tu. Sasa ni suti nzima." Sikujua kama anatania. Nilitaka kumwambia kwamba baba, kila redio iliposema kuna ajali ya lori, aliiweka pasi chini mpaka wataje mahali. Lakini tulikuwa tumeshafika.

Mashine ilikuwa inanguruma. Foleni ilianzia ndani ikatoka mpaka kwenye jua. Mzee Unga alikuwa amefunga taulo kichwani, mweupe mpaka kope, anamimina nafaka kwenye mdomo wa mashine. Kaka ndiye mkubwa, alitakiwa aanze. Alifungua mdomo, ukajaa vumbi, akakohoa, akanitazama mimi. Mimi ni mtu ambaye hata kumwita muuzaji dukani naona haya, husimama tu mpaka anione. Nikasogea sikioni kwa Mzee Unga nikamwambia. Akatikisa kichwa. Nikasema tena kwa nguvu zaidi. Akaonyesha sikio lake kwa kidole cheupe. Basi nikavuta pumzi, nikapaza sauti ambayo sikujua kama ninayo, na yeye, ili anisikie, akanyoosha mkono wakati huo huo akazima mashine.

"Tumemzika baba na suti yako!"

Mkanda uliendelea kuzunguka kidogo, ukilia, kisha ukasimama. Watu wote walikuwa wamegeuka.

"Sema tena," alisema Mzee Unga, "maana masikio yangu yamejaa unga."

Nikasema tena, sasa polepole, na ikasikika vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza. Kwenye foleni mwanamke mmoja alitoa kicheko, akakiziba na kiganja.

"Nani aliyemvika?"

"Mimi," alisema kaka.

"Wewe dereva?"

"Mimi, mzee."

"Suti ya babako huijui?"

Kaka alitazama shuka lililokuwa mikononi mwangu. "Siijui," alisema. "Sijawahi kumwona ameivaa. Kila alipoivaa mimi nilikuwa barabarani."

Nilifungua shuka nikamwonyesha Mzee Unga ile tuliyokuja nayo, nikamwambia hii ndiyo ya baba, aichukue kama itamfaa kwa lolote. Aliishika bega kwa vidole viwili, akaiacha. Alisema hiyo haitamfika hata nusu ya njia. Kisha akaanza kusema, na sauti yake haikuwa kubwa, tungependelea apige kelele. Alisema kitambaa cha suti ile mkewe ndiye aliyekichagua. Alikishika dukani akasema wewe na tumbo lako, hiki kitakustahi. Alimwoza binti wa kwanza akiwa nayo, na mkewe ubavuni. Huyu wa mwisho alitaka kumwoza nayo kwa kuwa mama yake hayupo tena. "Na nyinyi," alisema, "mmeitia udongoni."

Kaka aliinamisha kichwa. Nilifikiri sasa ndiyo imekwisha, sasa itasagwa na kila debe litaondoka nayo.

Mzee Unga alikaa juu ya gunia. Alijifuta uso na taulo, na jasho na unga vikawa uji kwenye nyusi zake. Kisha akasema, kama anayejiambia mwenyewe:

"Mimi nilipita pale. Kwenye jeneza. Nilisimama nikamtazama kuanzia uso mpaka kifungo cha koti. Nikasema moyoni, kumbe dobi ana suti nzuri hivi, miaka yote anatuficha."

Hakuna aliyecheka, hata yule mwanamke.

"Suti yangu mwenyewe," alisema. "Mke wangu kaichagua kwa mkono wake, nami nikasimama mbele yake nisiijue." Akamtazama kaka muda mrefu, na macho yake hayakuwa yale ya mwanzo. Halafu akainuka, akakung'uta suruali. "Nendeni. Nina nafaka za watu hapa."

Mashine ikawaka. Tukatoka.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Habari ilifika kabla yetu, kama kawaida yake. Mwalimu alimtuma mtu kuchukua mashati yake ambayo hayajakauka. Mama mmoja jirani alikuja kuchukua blauzi, akaigeuza pale pale mlangoni kuangalia kwapa kama ina jasho la mtu. Mama yangu alimwona, akamwambia aigeuze vizuri, mwanga ni mzuri zaidi kule nje. Kaka alitakiwa kurudi kazini, lakini alimpigia tajiri wake simu akaomba nafasi. Alisema hawezi kuondoka tena nyumba hii akikimbia. Alichota maji, alikoka mkaa, alikaa na mimi chumba cha pasi, na mlango tuliuacha wazi kwa amri ya mama. Nilipokuwa nikinyoosha kola aliniuliza maswali. Baba aliipenda chai ya namna gani siku hizi? Alikuwa akilala upande gani? Kwa nini pasi inasogezwa shavuni? Nikamwambia na lile la redio na ajali. Alisimama, akatoka uani, na alikaa huko mpaka mkaa wake ukawa majivu.

Ijumaa, jua likiwa linaanza kupungua ukali, Mzee Unga alisimama mlangoni. Alikuwa ameoga, na bila unga alionekana mtu mdogo kuliko tunavyomjua. Alikuwa na shati jeupe mkononi. Alimsalimia mama, akampa pole upya, kama vile siku ya msiba hakuitoa.

"Watu wananiuliza kama ni kweli," alimwambia. "Nawaambia ni kweli, na wanawe ndio walioniletea habari, kwa sauti kubwa, nimekaribia kuwa kiziwi. Wananiuliza, sasa nguo zako utampelekea nani? Nimelifikiri hilo." Akaliweka shati mezani. "Koti sina. Basi shati liwe shati kweli."

Mama alilivuta shati, akageuza kola akatafuta ndani yake, akaenda kuleta sindano na uzi mweupe. Lilikuwa jipya, halikuwa na alama.

Nilidhani atageuka aende. Lakini alimnyooshea kaka kidole. "Na wewe, dereva. Kesho mje wote harusini. Uvae ile suti ya babako. Nataka ukae nayo mbele yangu mchana kutwa, ili siku nyingine ukiulizwa uijue."

"Itanibana, mzee."

"Ikubane," alisema Mzee Unga. "Mimi nitakuwa sina."

Kweli ilimbana. Kaka ana mabega ya kuzungusha usukani, na mikono ilimwishia juu ya kifundo. Nilimpigia pasi suti hiyo asubuhi, mara yangu ya kwanza kuinyoosha. Tulikaa viti vya nyuma, lakini Mzee Unga alituona, akatuita mbele kwa sauti yake ile. Yeye alikuwa na shati jeupe na tai, bila koti, kati ya wazee wote wenye makoti. Watu walimwuliza, na kila aliyemwuliza alimjibu vile vile, mkono juu ya tumbo: koti langu limekwenda na dobi, na dobi hakuwahi kuvaa nguo yangu hata moja mpaka alipokuwa hawezi kukataa. Walicheka. Mara ya kwanza nilisikia uso wangu ukiwaka moto. Baadaye nilisikiliza vizuri, nikaona wanacheka na kisha wananyamaza, na wengine wanageuka kumtazama kaka.

Binti alipokabidhiwa, Mzee Unga alilia wazi wazi bila kitambaa cha kujifutia, maana kitambaa alizoea kukiweka kwenye mfuko wa koti. Kaka akampa chake.

Mama alikuwa ameketi kati yetu. Kaka aliporudi kwenye kiti na kutaka kukaa, mama alimshika mkono wa koti akauvuta chini kidogo, kana kwamba ungerefuka.

"Usikae," alimwambia. "Utaikunja."

Kaka akasimama hivyo hivyo, mikono imelegea pembeni, mpaka watu walipoanza kutoka.